Unampa AI daftari lako la madeni? Kwanza mwandikie maelezo yanayoeleweka

Tuseme unauza maji Kitengela. Lori lako linazunguka Milimani, Yukos hadi Noonkopir, na wateja wanachukua leo kisha walipe mwisho wa mwezi. Madeni yote yako kwenye hifadhidata, na sasa umeweka ajenti wa AI asome meseji za wateja na kurekebisha rekodi.

Mteja mwenye deni la Sh2,000 anatuma: "Nimelipa 500." Ajenti anaingia kwa rekodi na kuandika deni: 500. Hapo umepoteza Sh1,000 na hakuna mtu amekuibia.

Kabla ya kutukana AI, angalia maelezo ya zana uliyompa. Pengine yanasema tu: "Husasisha mteja." Ajenti haoni kodi iliyo ndani. Anachoona ni jina la zana, maelezo yake na orodha ya vitu vya kujaza. Ndivyo mambo yalivyo hata kwenye Model Context Protocol, utaratibu ambao Anthropic ilitoa Novemba 2024 wa kuunganisha AI na data. Kile hujaandika, atakisia.

Zana ya kusoma ikikisiwa vibaya, unauliza tena. Zana ya kubadilisha ikikisiwa vibaya, rekodi ya zamani imeenda. Kwa hivyo maelezo yako yajibu maswali haya.

Rekodi gani? Ukimwambia kijana pale soko la mifugo la Bissil, "mdunge yule ng'ombe mwekundu," atakuuliza yupi, maana wekundu ni wengi. Ndiyo maana Wamaasai hukata alama masikioni mwa mifugo. Vivyo hivyo, dai nambari ya mteja, si jina. Kina Wanjiku ni wangapi hapa Kitengela? Na ukumbuke kwenye SQL, amri ya UPDATE bila WHERE hubadilisha kila mstari wa jedwali. Kila mtu, deni 500!

Kuweka, kuongeza au kupunguza? Hapa ndipo pesa zetu za maji zilipotelea. Afadhali zana mbili zenye majina wazi, moja ya kurekodi malipo na nyingine ya kusahihisha deni, kuliko moja inayofanya yote.

Kisichojazwa kinabaki ama kinafutwa? Ajenti akibadilisha nambari ya simu pekee, anwani itabaki? Sema.

Vipimo je? Shilingi au senti? Simu ianze na 07 ama 254? Toa mfano mmoja.

Sasa soma haya: "Hurekodi malipo ya mteja mmoja na kupunguza deni lake. Tumia baada ya malipo kuthibitishwa, si kwa sababu mteja amesema amelipa. Lazima nambari ya mteja. Kama huijui, tafuta kwanza. Kiasi ni shilingi nzima, mfano 500. Haibadilishi kitu kingine. Hurudisha deni la kabla na la baada. Wateja wawili wakifanana, simama uulize."

Hakuna Kiswahili kigumu hapo. Hata mgeni aliyeshuka matatu leo kutoka Kajiado mjini angeweza kuifanya hiyo kazi.

Lakini usidanganyike, maelezo si kufuli. Julai 2025, mfanyabiashara wa Marekani Jason Lemkin alieleza jinsi ajenti wa Replit alivyofuta hifadhidata yake licha ya kuagizwa asiguse kitu. Kwa hivyo mnyime ajenti ruhusa ya kufuta, weka nakala ya akiba, na mabadiliko makubwa yapitie kwa binadamu. M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea kabla pesa hazijatoka. Zana yako pia ionyeshe kabla ya kuandika.

Mimi niliacha chuo, na nakwambia hii kazi haiulizi cheti. Inataka mtu anayejua biashara inavyoendeshwa na anayeweza kuisema bila kuzungusha. Ukimaliza kuandika, mpe jirani asiyejua lolote kuhusu kompyuta. Akikuuliza "yupi?" au "ngapi?", bado hujamaliza.