Gari Kukosa Nguvu na Moshi Kunuka Njia ya Karatu na Ngorongoro: Namna ya Kutambua Sababu

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani wanaosafiri kwa gari hadi Karatu na Ngorongoro hukutana na jambo wasilolizoea nyumbani. Gari lililotoka pwani likiwa zima huwa zito mara linapoanza kupanda mlima wa Mto wa Mbu. Hudai gia ndogo, na pengine moshi wake hutoa harufu ngeni. Wapo wanaoharakisha kufungua injini isiyo na kosa lolote. Wapo pia wanaosema kuwa ni mlima tu, ilhali gari lina hitilafu ya kweli. Makosa yote mawili yana gharama, na hilo la pili laweza kugharimu maisha ya watu.

Inafaa ieleweke kwanza kwamba mlima wenyewe hupunguza nguvu za injini. Unguja, hata katika miinuko ya Masingini, ardhi haifikii mita 150 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Karatu uko kiasi cha mita 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro hufikia mita 2,300 hivi. Katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani. Injini huunguza mafuta kwa hewa. Hewa ikipungua, nguvu nazo hupungua. Injini isiyo na tabo hupoteza hapo baina ya sehemu moja ya tano na robo ya nguvu zake.

Kuhusu harufu, hutegemea aina ya gari. Kabureta iliyorekebishwa pwani huendelea kutoa mafuta kwa kipimo kile kile, ingawa hewa imepungua. Mafuta huzidi, moshi huwa mweusi na hunuka petroli, na plagi huingia masizi. Hayo ni ya mlima, na hupungua gari likirudi bondeni. Lakini gari linalopimiwa mafuta kwa kompyuta hujirekebisha lenyewe. Hilo hupungua nguvu tu. Likinuka petroli hata huko juu, lina hitilafu. Hali kadhalika gari la dizeli lenye tabo halipaswi kulegea sana. Likilegea na kutoa moshi mweusi, mpira wa tabo na chujio la hewa vikaguliwe kwanza.

Kipimo rahisi ni kuligeuza gari au kusubiri hadi lishuke. Nguvu zikirudi kwa sehemu kubwa chini, Mto wa Mbu, kosa ni la kimo. Zisiporudi, kosa ni la gari, na harufu itamwelekeza fundi pa kuanzia:

(a) Harufu ya mafuta mabichi pamoja na injini kukatakata: plagi au nozeli. Chujio la hewa lililoziba kwa vumbi jekundu la Karatu nalo hupunguza nguvu, na katika dizeli huleta moshi mweusi.

(b) Harufu ya mayai yaliyooza katika gari la petroli: masega yaliyomo katika bomba la moshi yamezidiwa na mafuta yasiyoungua. Masega yakiyeyuka huziba, na injini hukosa pa kutolea pumzi.

(c) Moshi wa buluu wenye harufu ya oili: ringi zimechoka, au tabo inapitisha oili.

(d) Moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, na maji ya rejeta kupungua: gasketi imeungua. Gari lisiendelee na safari.

(e) Harufu kali iliyoanza baada ya kujaza tangi: huenda mafuta yamechanganywa na mafuta ya taa. EWURA ilianza mwaka 2010 utaratibu wa kutia vinasaba ili kuubaini udanganyifu huo. Hivyo dereva atunze risiti ya kituo.

Aidha, harufu ya kuungua inayotokea wakati wa kuteremka haitoki katika bomba la moshi. Hiyo ni ya breki. Dereva ateremke kwa gia ndogo. Na akihisi breki zinalegea, asimame mahali salama azipoze.

Jambo kubwa kuliko yote ni moshi kuingia ndani ya gari. Kwenye ukingo wa kreta kuna baridi, na abiria hufunga madirisha yote. Bomba likiwa limetoboka chini ya sakafu, hewa ya kaboni monoksaidi hupenya. Hewa hiyo yenyewe haina rangi wala harufu. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia asiamke. Dalili hizo zikiwapata abiria, gari lizimwe, wote watoke nje, na aliyelegea apelekwe hospitali bila ya kuchelewa.

Madereva wanakumbushwa kukagua chujio la hewa, mipira, maji na bomba la moshi kabla ya kuondoka Karatu, ambako mafundi wapo. Wasiegeshe gari lenye bomba la moto juu ya nyasi kavu, kwani moto huanza hapo. Na atakayeharibikiwa ndani ya hifadhi abaki na abiria wake garini, injini ikiwa imezimwa, hadi msaada ufike, kwani nyati na simba hupita njia hiyo hiyo.