Wino Ulioponyoka na Wino Uliobaki

Wenzangu katika chumba cha walimu hunicheka kila nitoapo kalamu yangu ya kujazwa wino nikainywesha taratibu kutoka chupani. Huniuliza iwapo bado namsubiri mkoloni arudi. Biro, wanasema, hupatikana kwa shilingi chache dukani, wala haimwagi wino mfukoni. Kweli. Mashati yangu mawili ni mashahidi.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, uraibu huu siuachi. Ninazo kalamu tatu, chupa kadhaa za wino na daftari lenye karatasi nzito, kwani zile za shuleni hunyonya wino kama mchanga unyonyavyo maji. Biro ina gololi ndogo ambayo sharti ikandamizwe ndipo izunguke. Ncha ya kalamu hii imepasuliwa katikati, na wino huteremka kwa mguso tu. Nisahihishapo insha arobaini, mkono huijua tofauti hiyo.

Wino wenyewe, lakini, nilijifunza kuuheshimu kwa machungu. Marehemu baba aliniandikia barua nyingi nilipokuwa shule ya bweni, nami nikazihifadhi katika sanduku la bati. Msimu mmoja wa masika paa likavuja, sanduku likajaa maji. Nilipozianika barua zile, nyingi zilikuwa karatasi tupu zenye mawingu ya buluu. Saba tu, alizoandika kwa wino wa chuma, zilisomeka neno kwa neno. Na nikiri pia, ingawa wenzangu watafurahi: hesabu ya sukari na mafuta ya taa aliyoiandika kwa biro nyuma ya bahasha ilisalia kama ya jana!

Wino wa buluu wa wanafunzi aghalabu hutengenezwa makusudi ufulike, sare isiharibike. Wino wa chuma huchanganywa salfeti ya chuma na tanini itokayo katika vivimbe vya mti wa mwaloni. Huandika kwa rangi hafifu, kisha hewa ikaukoleza na kuushikiza karatasini. Autumiaye aioshe kalamu mara kwa mara kwa maji baridi. Wino wa biro nao una mafuta, ndiyo maana maji hayauwezi.

Wanafunzi wangu wausomapo Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, huzipita mbio beti za mwanzo ambamo mama mgonjwa anamtaka bintiye atwae wino na karatasi. Mimi huwasimamisha papo hapo. Mama yule alijua kwamba sauti yake ilikuwa inakaribia kunyamaza.

Siku hizi, jioni, ninazinakili kwa kumbukumbu barua za baba zilizofutika, katika lile daftari la karatasi nzito, kwa wino wa chuma. Nifikapo mahali nisipokumbuka alisema nini, huacha nafasi.