Kevin O'Brien na Mikimbio Iliyoifungulia Ireland Mlango

Februari 2007, katika uwanja wa Ruaraka jijini Nairobi, kijana wa Dublin mwenye miaka 22 aliwapiga warushaji wa Kenya mikimbio 142. Kenya ilishinda hata hivyo, kwa wiketi moja, yaani ikiwa imebakiza mpigaji mmoja tu wa kutolewa, wala haikuwa ajabu. Ilikuwa imefika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, wakati Ireland ilikuwa bado haijacheza hata mechi moja ya kombe hilo. Kijana huyo ni Kevin O'Brien, na hakuwahi kuipita 142 hiyo katika mechi za ova 50, ova moja ikiwa mipira sita.

Kriketi ilikuwa mchezo wa nyumbani kwao. Baba yake, Brendan, aliichezea Ireland, na kaka yake, Niall, alidaka nyuma ya wiketi katika timu hiyohiyo. Lakini nchini mwao ulikuwa mchezo wa wachache. Hadi 1971, chama kikuu cha michezo ya asili ya Ireland kiliwakataza wanachama wake kucheza michezo iliyohesabiwa kuwa ya Waingereza, kriketi ikiwemo. Baadaye, wenye vipaji vikubwa walivutwa na Uingereza. Eoin Morgan, naye wa Dublin, aliishia kuwa nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia 2019. O'Brien alibaki na Ireland.

Machi 2, 2011, mjini Bangalore, Uingereza ilipiga mikimbio 327. Ireland ilipofika 111 ilikuwa imeshapoteza wapigaji watano kati ya kumi wanaoweza kutolewa; kwa hesabu za kriketi, timu ya namna hiyo huwa inasubiri kuzikwa. O'Brien, nywele amezipaka rangi ya waridi kwa ajili ya harambee ya kupambana na saratani, aliamua kushambulia. Alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 50, kasi ambayo Kombe la Dunia lilikuwa halijapata kuiona. Alitolewa akiwa na 113, wenzake wakamalizia kazi ikiwa imebaki mipira mitano. Rekodi yake ilidumu hadi 2023.

Ushindi huo ulikuwa na uzito hata nje ya uwanja. Wiki chache baadaye, Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, liliamua kwamba Kombe la 2015 liwe la timu kumi kubwa peke yake, Ireland ikiachwa nje. Malalamiko yakawa makubwa, na Bangalore ikawa hoja ambayo haikuwa rahisi kuijibu. Mwezi Juni uamuzi ukageuzwa, timu 14 zikarudishwa. Mwaka 2017 Ireland ikapewa uanachama kamili, pamoja na haki ya kucheza Test, mechi za siku tano ambazo ndizo kipimo cha juu kabisa cha mchezo huu.

Test yao ya kwanza ilichezwa Malahide, karibu na Dublin, Mei 2018, dhidi ya Pakistan. Ireland ilitolewa kwa mikimbio 130 na ikalazimishwa kurudi kupiga papo hapo. Safari hii O'Brien hakushambulia. Alivumilia saa baada ya saa, mpira kwa mpira, hadi 118, akawa Mwairishi wa kwanza kuifungia nchi yake mikimbio mia katika Test. Pakistan ilishinda kwa wiketi tano, lakini ililazimika kutoa jasho. Mimi naiweka Malahide juu ya Bangalore: kule alikuwa mpigaji hodari aliyepata siku yake, hapa alionyesha kwamba timu yake ilistahili kuwapo.

Mwaka 2019, Al Amerat nchini Oman, aliongeza 124 za T20, mechi fupi za ova 20, dhidi ya Hong Kong, na hivyo akawa amepiga mia katika aina zote tatu za mchezo. Alistaafu Agosti 2022.

Kenya, iliyoifunga Ireland siku ile Ruaraka, ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50 mwaka 2014. Vipaji ilikuwa navyo. Wasimamizi wa kriketi wa Nairobi wana wajibu wa kueleza ni kwa nini Ireland ilipanda huku wao wakishuka.