Ukavu Unaouzwa Kariakoo

Shabu ina kazi zake zinazojulikana. Kinyozi huisugua shavuni wembe ukiteleza, damu ikakatika. Nyumbani hutiwa kwenye ndoo ya maji ya tope, uchafu ukatuama chini. Kariakoo, pembezoni mwa Mtaa wa Kongo na vichochoro vyake, imepewa kazi ya tatu: wanauziwa wanawake, vipande vyeupe vimefungwa kwenye karatasi, vikiwa meza moja na unga wa mizizi na sabuni za manukato. Muuzaji huinama kidogo na kushusha sauti: “Dada, hii inabana na kukausha yale maji. Shemeji hatoki tena.”

Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na leo nayatetea hayo maji.

Kuta za uke hazina tezi. Wengi nikiwaambia hivyo hushangaa, maana hudhani kuna mahali maji yamehifadhiwa yakisubiri kufunguliwa. Yanatoka kwenye damu. Mwanamke akipata msisimko, neva za nyonga huamuru mishipa midogo inayouzunguka uke itanuke. Damu hujaa, shinikizo hupanda, na sehemu ya majimaji ya damu, bila chembe nyekundu, huchujwa kati ya seli za ukuta na kutokeza upande wa ndani kwa matone madogo madogo, jinsi jasho linavyojitokeza kwenye paji la uso. Matone hayo yakiungana huwa utando laini wenye utelezi. William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 1966, walieleza kwamba hali hii huanza ndani ya sekunde 10 hadi 30 za msisimko.

Kuanza si kuwa tayari. Bado uke unahitaji kurefuka na kutanuka sehemu ya juu, na mlango wa kizazi kuinuka, na hayo yanataka muda ambao wanandoa wengi hawajipi. Tezi mbili za Bartholin zilizo langoni huongeza matone machache tu.

Hata pasipo msisimko uke hauwi mkavu. Mlango wa kizazi hutoa ute unaobadilika kadiri mzunguko unavyokwenda. Yai linapokaribia kutoka, ute huwa mwingi, angavu, na unavutika kati ya vidole viwili bila kukatika. Siku zinazofuata hupungua na kuwa mzito. Nimeona wasichana waliomeza dawa za fangasi mara kwa mara kwa sababu ya ute huu, ambao ni dalili ya mwili unaofanya kazi yake sawasawa.

Kisha kuna ulinzi. Homoni ya estrojeni huufanya ukuta wa uke kuwa mnene na kuzijaza seli zake sukari iitwayo glaikojeni. Bakteria rafiki, laktobasili, hunufaika na sukari hiyo na kutengeneza asidi, ile inayochachusha maziwa. Ndiyo maana kwa kawaida uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huwa na pH ya 3.8 hadi 4.5, hali ambayo vijidudu vingi vya maradhi haviipendi. Sabuni ya kipande ina pH ya 9 au 10. Kuiingiza ndani ni kuwamwaga walinzi na kuwafungulia wavamizi mlango. Maji safi kwa nje yanatosha. Ndani uke hujisafisha wenyewe.

Shabu nayo hugandisha protini za juu ya ngozi laini na kuifanya ijikunyate. Hicho ndicho kinachohisiwa kuwa ni kubana. Misuli ya nyonga haijapata nguvu yoyote, ila utelezi umeondoka. Tendo la ndoa likifuata, ukuta huchubuka, mara nyingi kwa mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na hata kondomu huwa rahisi kupasuka kwa sababu ya msuguano. Mwaka 2011 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 13 za Afrika kusini mwa Sahara, zenye jumla ya wanawake 14,874 waliofuatiliwa kwa muda. Waliojifuta ndani kwa kitambaa au karatasi, walioingiza vitu vya kukausha au kubana, na waliojiosha ndani kwa sabuni, walionekana kuambukizwa VVU zaidi kuliko wenzao. Ongezeko lenyewe kwa mtu mmoja si kubwa mno. Kwa mji ambao meza za biashara hii hazikauki wateja, ni kubwa.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba katika nchi hiihii wapo wanaoyatukuza maji. Kwa Wahaya wa Kagera kuna katerero, ufundi wa faragha unaomtaka mwanamume awe na subira na mkono mwepesi mpaka mwenzake atoe maji. Rwanda huitwa kunyaza, na mwaka 2016 ilitengenezewa filamu iitwayo Sacred Water. Kitaalamu, maji mengi ya katerero hupitia njia ya mkojo, si yale yanayochujwa ukutani, na mwanamke asiyeyatoa hana kasoro yoyote. Hata hivyo fikiria tofauti ya mtazamo: kule mwanamume anafundishwa kumhudumia mwenzake, huku mwanamke anauziwa kitu cha kujikausha. Makungwi na masomo wetu wa Pwani wana nafasi ambayo daktari hana, kwa kuwa mwali huwasikiliza wao kwanza. Ningefurahi kuona shabu inatoka kwenye mafunzo ya unyago na kwenye kitchen party, na mazungumzo ya subira yanaingia.

Ukavu wa kweli upo, na una sababu zake. Mama anayenyonyesha estrojeni yake hushuka, hivyo kuumia anaporudia tendo baada ya kujifungua kusichukuliwe kuwa ni kumchoka mume. Hedhi ikikoma, kwa wengi karibu na miaka 50, ukuta wa uke huwa mwembamba, na daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni ya kupaka hapohapo. Piriton inayonunuliwa kwa ajili ya mafua hukausha pua na inaweza kukausha kwingine pia. Kisukari, baadhi ya dawa za sonona na tiba za saratani pia huchangia. Halafu kuna uchovu. Mwanamke aliyefungua genge alfajiri na kurudi Mbagala saa tatu usiku, bado watoto hawajala, mwili wake hauwezi kuamriwa usisimke kwa dakika mbili.

Waume nao walielewe hili vizuri: maji na hamu havifuatani kila mara. Mwanamke anaweza kumtamani sana mumewe na bado akawa mkavu. Anaweza pia kulowa bila kutaka, hata akiwa anabakwa, pengine kwa sababu mwili hujilinda usichanike. Ridhaa hutoka mdomoni mwake, na kulowa hakuwezi kuchukua nafasi ya neno lake.

Kuhusu vilainishi, Julai 2016 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza marufuku ya kuviingiza na kuviuza nchini, akiihusisha na vita dhidi ya VVU. Gumzo la mitaani likaelemea ushoga, na mama wa miaka 55 anayeumia kitandani akazidi kuona haya kuuliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza vilainishi vipatikane kwa hiari ya anayevihitaji. Lakini si kila kilainishi ni kizuri: chenye gliserini nyingi huvuta maji kutoka kwenye seli na kuzidhoofisha. Kinachofaa uke ni cha maji, kisicho na gliserini nyingi na chenye pH karibu na 4.5. Vaseline na mafuta ya nazi yasitumike na kondomu za mpira, kwa kuwa huzidhoofisha zikapasuka. Muulize mfamasia bila kunong’ona.

Aliyekwisha kutumia shabu aache, asijioshe ndani kuiondoa, na akiwa na maumivu au ngozi inayobanduka aende kituo cha afya na kusema waziwazi alichoingiza, ili atibiwe kinachohusika. Uchafu wenye harufu ya samaki, au wa kijani wenye povu, au mweupe mzito wenye muwasho, una dawa zake tofauti na haufai kutibiwa kwa kubahatisha dukani. Damu baada ya tendo la ndoa, hata tone, ichunguzwe mapema, kwani inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 apimwe hata kama hana dalili. Anayeishi na VVU huanza mapema zaidi. Kipimo cha siki hufanyika Taasisi ya Saratani Ocean Road na katika hospitali nyingi za serikali. Mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, huangalia kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe, na hukupa jibu kabla hujavaa viatu.