Ukikosa kufika, kuna atakayekungoja?

HEBU nikuulize: pale kanisani, msikitini au kwenye kikundi chako cha vijana, usipofika kuna kitu kinakwama? Ama viti vitapangwa, chai itanyweka na maisha yatasonga tu?

Swali hilo lilinijia nikipita karibu na sinagogi la Wayahudi pale University Way, Nairobi. Mimi niliacha chuo njiani, kwa hivyo mengi najisomea kwenye simu. Nikaanza kusoma.

Kumbe Myahudi anaweza kuomba peke yake, lakini kuna sala zisizosemwa hadi watu kumi wafike. Idadi hiyo inaitwa minyani. Hata sala ya kumwombolezea mzazi inawahitaji hao kumi. Mkiwa tisa, mnangoja. Uwe tajiri ama hustler, wewe wa kumi ndiwe unayehitajika.

Tamu, sivyo? Lakini kwa karne nyingi waliohesabiwa walikuwa wanaume pekee. Mama angeweza kufika wa kwanza, na bado ikasemwa mtu mmoja amepungua.

Sasa msikie Judith Kaplan wa New York. Babake alikuwa rabi, mwenye mabinti wanne bila mvulana. Kwa desturi, mvulana akitimiza miaka 13 huitwa mbele ya waumini wakati wa kusoma Torati. Sabato ya Machi 18, 1922, rabi huyo alimwita Judith, msichana wa miaka 12.

Baadaye Judith alisimulia mwenyewe mambo yalivyokuwa. Nyanya zake wawili hawakutaka kabisa. Kila mmoja alimsukumia mwenzake kazi ya kumkanya rabi. Yeye binti alihofia jambo ambalo wewe pia unalijua: wenzake wa rika lake wangemwonaje? Alisimama chini ya jukwaa, mbali na gombo la Torati, akasoma kwenye kitabu chake. Akamaliza. Hakuna balaa lililotokea.

Mwaka 1973, madhehebu ya Conservative huko Marekani yaliruhusu masinagogi yao kuwahesabu wanawake katika minyani. Waothodoksi bado huhesabu wanaume tu, na wapo wanawake wao wanaoridhika na utaratibu huo. Judith naye, akiwa na miaka 82, alirudia sherehe yake mwaka 1992.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu niliwahi kuwa kwenye kikundi ambacho sisi wasichana tulipika, tukafagia, tukaimba. Ukifika wakati wa kuamua jambo, waliitwa kina kaka. Siku nilipoacha kwenda, hakuna aliyenipigia simu. Hiyo kimya iliniuma kuliko kufagia.

Kwa hivyo mkikutana wiki hii, usiangalie tu waliofika. Angalia nani hayupo, hasa yule wa kuosha vikombe. Mpigie, umwambie mnamngoja. Na akifika, usimpe ufagio. Mpe kiti, umuulize maoni yake.