Chuma Katika Tumbo la Mbung'o



Msafiri aendaye kwa baisikeli kutoka Songea kuelekea mashariki, kupitia Namtumbo mpaka Tunduru, hupita katika misitu ya miombo, na mle huandamana na mwenzi asiyemtaka, yaani mbung'o. Ukimponda mbung'o aliyekunywa sasa hivi, vidole vyako hujaa damu nyekundu. Lakini mtazame mwingine aliyekunywa juzi: tumbo limesinyaa, na pale alipotua ameacha matone meusi. Twauliza basi, wekundu ule umekwenda wapi?

Wekundu wa damu yetu watokana na kitu chenye chuma. Mtu mzima ana chuma kiasi cha gramu 4 hivi mwilini, na sehemu kubwa imo katika damu, ambamo hushika hewa safi itokayo mapafuni. Mdudu huyu hana haja hiyo, kwa maana hewa humwingia kwa vitundu vya ubavuni na kuenea mwilini kwa mirija midogo. Hata hivyo, hawezi kuishi pasipo chuma kidogo. Taabu yake ni kwamba hali kitu ila damu, dume kwa jike, na kwa mlo mmoja aweza kunywa damu iliyozidi uzito wa mwili wake. Chuma hicho ni kingi mno, na chuma kikizidi huwa sumu.

Mwaka 1929 mtaalamu Mwingereza V. B. Wigglesworth alieleza kazi ya utumbo wa mbung'o. Damu huingia kwanza katika kifuko, kisha hupelekwa utumboni. Sehemu ya mbele ya utumbo hunyonya maji, na damu hubaki nzito na nyekundu. Ifikapo sehemu ya nyuma ndipo huyeyushwa, nayo hugeuka nyeusi.

Wala damu hiyo haigusi ukuta wa utumbo. Katikati yake pana utandu mwembamba, mfano wa ua uzungukao boma: chakula kilichoyeyuka hupenya, na vitu vikubwa huzuiwa. Chuma kingi hutolewa nje pamoja na mavi, nayo ndiyo yale matone meusi.

Chuma kidogo kipenyacho huendaje? Jambo hili limechunguzwa zaidi katika nzi mdogo wa matunda, yule tumwonaye juu ya ndizi mbivu. Utumbo wake ukitiwa dawa maalumu, sehemu moja tu ya katikati hugeuka buluu, kwa kuwa chembe zake zimejaa chuma. Mbele ya hapo pana chembe zikusanyazo shaba, na zinki huwekwa akiba katika mirija ifanyayo kazi ya figo. Kila madini ina mahali pake. Chuma hufungiwa katika protini iitwayo feritini, ambayo ni kama ghala, nayo protini nyingine, transferini, hukibeba kama mchukuzi hata kwenye viungo vingine.

Mbung'o naye ana mchukuzi huyo. Jike lake hatagi mayai, bali hulea buu mmoja mmoja tumboni kwa maziwa, na transferini imo katika maziwa hayo. Hivyo mwana hupata sehemu yake kabla hajazaliwa.

Huenda mtu akasema, mambo ya tumbo la mdudu yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha katika Uganda ya kuwa mbung'o ndiye achukuaye vijidudu vya malale. Vijidudu hivyo huingia pamoja na damu ile ile, na hukutana na ua ule ule. Mbung'o wengi huviua tumboni mwao. Wachache tu ndio wavibebao hata kumwambukiza mtu. Lakini mbung'o aliyetoka katika ganda lake karibuni, ambaye ua wake haujakamilika, ndiye avipokeaye kwa urahisi.

Basi kwa wenzetu wapitao misitu hiyo kutafuta asali au kuni, twawapa shauri hili. Msivae nguo za buluu wala nyeusi, kwa maana rangi hizo humvuta mbung'o. Na mtu akipata homa baada ya kuumwa, asingoje. Aende hospitali upesi na kumweleza daktari ya kuwa alikuwa porini. Malale ya upande wetu huenda mbio, lakini hutibika yakiwahiwa.