Jua la Migwani na Kamera Kuukuu

Kamera ya filamu iliyotengenezwa miaka 40 au 50 iliyopita haiaminiki kwa sababu ya jina lililochongwa juu yake, wala haidharauliki kwa kuwa imeuzwa kwa bei ya mitumba, kwa maana ubora wake hujulikana tu baada ya kila sehemu kujaribiwa, na jaribio hilo halihitaji mitambo mingi kama inavyodhaniwa. Migwani, mji wa Kaunti ya Kitui ulio takriban digrii moja kusini mwa ikweta, uko mbali na karakana za Nairobi, lakini una kipimo kisichouzwa dukani, yaani jua la kiangazi, ambalo mwanga wake hubadilika kidogo sana kutoka siku moja hadi nyingine maadamu mbingu haina wingu.

Suala hili haliwahusu wakusanyaji wa vitu vya kale pekee. Kabla ya simu zenye kamera kuenea, picha za harusi, za ubatizo na za kitambulisho vijijini zilipigwa na watu waliomiliki kamera moja na lenzi moja, na baadhi ya vyombo hivyo vingali makabatini ndani ya mikoba yake ya ngozi. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mvulana na Box Brownie iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kamera ya kisanduku yenye lenzi sahili kabisa, naye ndiye aliyekuja kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984.

Uchunguzi huanzia kwenye shata, yaani mapazia mawili yanayofuatana mbele ya filamu na kuacha mwanga uingie kwa muda uliopimwa. Katika Zenit-E, kamera ya Kirusi iliyoanza kutengenezwa Krasnogorsk mwaka 1965 na ambayo bado hupatikana kwa bei nafuu, mapazia hayo ni ya kitambaa, na muda wake huanzia sehemu ya 30 ya sekunde hadi sehemu ya 500. Mgongo wa kamera hufunguliwa bila filamu, lenzi huondolewa, kisha shata hufyatuliwa katika kila namba huku kamera imeelekezwa kwenye anga nyeupe, wala si kwenye jua lenyewe. Jicho lililozoea huona tofauti kati ya namba moja na nyingine, na sikio husikia pazia linalosita kwa sababu mafuta yake yameganda. Tochi ikimulikwa upande mmoja gizani hufichua vitundu vya kitambaa. Vitundu hivyo ni hatari inayojulikana hasa kwa kamera zisizo na kioo cha ndani, kwa kuwa lenzi ikiachwa wazi kulielekea jua hukusanya miali yake na kuunguza pazia, jambo ambalo katika nchi ya jua kali kama Ukambani huchukua muda mfupi tu. Sponji nyeusi zinazozuia mwanga kwenye ukingo wa mlango nazo huoza na kuwa kama lami, ila kuzibadilisha ni kazi nyepesi.

Lenzi za bei ya chini zinastahili heshima kubwa kuliko zinayopewa. Lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa 1.8, au Helios-44-2 ya milimita 58 iliyouzwa pamoja na Zenit, ni rahisi kwa sababu ziliundwa kwa mamilioni, si kwa sababu ni duni. Ndani yake hutazamwa kwa tochi inayopitishwa kutoka nyuma. Punje chache za vumbi, ambazo Migwani haziepukiki, hazidhuru picha kwa kiasi kinachoonekana, na mnunuzi anayekataa lenzi kwa ajili yake anapoteza chombo kizuri. Kinachopaswa kuogopwa ni kuvu, utando wenye nyuzi kama za buibui unaokua penye unyevu na hatimaye kula tabaka la juu la kioo, na ndiyo maana lenzi iliyoishi Mombasa au Lamu huhitaji kutazamwa kwa makini zaidi kuliko iliyoishi bara kavu. Vibamba vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi navyo lazima virudi upesi bila dalili ya mafuta.

Alama ya mwisho ya umbali kwenye lenzi hujaribiwa kwa kitu kilicho mbali sana, na Kitui ina historia ya macho yaliyotazama mbali: tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Johann Ludwig Krapf, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, aliuona Mlima Kenya na theluji yake kutoka huko, na wataalamu wa London walimkatalia kwa miaka mingi. Hakuwa na kamera ya kuwathibitishia. Asubuhi isiyo na ukungu, mstari wa vilima vya mbali watosha kuonyesha kama lenzi hufikia umbali huo kwa ukali.

Filamu ndiyo shahidi mkuu. Kanuni ya wapiga picha husema kuwa chini ya jua kamili, tundu likiwekwa kwenye 16, muda wa shata uwe sehemu ya sekunde ambayo namba yake iko karibu zaidi na wepesi wa filamu. Kwa filamu ya ISO 100, muda huo ni sehemu ya 125 ya sekunde. Kwa hiyo ukuta wa saruji usiopakwa rangi, unaoangaziwa na jua la saa nne asubuhi, hupigwa mara tatu: 16 kwa sehemu ya 125, 11 kwa sehemu ya 250, na 8 kwa sehemu ya 500. Mwanga unaoingia ni uleule, hivyo negativu tatu zinapaswa kulingana. Iliyokolea kupita nyingine hushuhudia shata inayochelewa, na iliyokolea upande mmoja tu huonyesha mapazia yasiyokimbia kwa mwendo mmoja. Ukuta huohuo huhukumu pia kipima-mwanga cha kamera, ambacho katika Zenit-E hujiendesha bila betri na huchoka kwa uzee, na katika kamera nyingine hudanganya kwa kuwa betri za zebaki za volti 1.35 zilizokusudiwa zimepigwa marufuku na zile za 1.5 huchukua nafasi yake.

Filamu ya nyeusi na nyeupe kwa kawaida husafishwa katika nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya tangi Migwani wakati wa kiangazi huzidi hapo, hivyo muda wa kusafisha hupunguzwa. Hata hivyo ulinganisho hauharibiki, kwa sababu picha zote za mkanda mmoja hupitia dawa ileile. Asiyejisafishia mwenyewe na adai negativu zake badala ya kutosheka na picha zilizochapwa, kwani mashine ya kuchapa husawazisha mwanga yenyewe na kuyafunika makosa yaleyale yaliyokuwa yakitafutwa.